Pijo la Babu na Mtoto wa Jicho

Kila mteja mpya anayeleta gari kwenye banda langu hapa Moshi huniuliza swali lilelile, nami humjibu bila kubabaika. Anachukua chupa mbili zilizo mezani, moja kila mkono, anazipima kama mtu anayechagua parachichi sokoni, halafu anasema, "Sasa dada, ipi kali? Hii ya kusafisha rangi au hii glezi?"

Namwambia hakuna iliyo kali kuliko mwenzake. Ya kusafisha inaondoa, glezi inafunika. Ile ya kwanza ina chembe laini ambazo hata vidole havizisikii, nazo hukwangua rangi iliyokufa juu mpaka uifikie iliyo hai. Glezi ni mafutamafuta. Inajaza mikwaruzo midogo, inalipatia gari ule mng'ao wa kitu kilichotoka kunyeshewa sasa hivi, na mvua zikishalipiga mara kadhaa inaondoka, mikwaruzo unaikuta palepale ulipoiacha. Kwa hiyo usiniulize ipi kali. Niambie gari lako linaumwa nini.

Wengine huridhika na jibu hilo, wengine huona ninajidai. Sijali. Ninalijua kwa sababu nililipata nikiwa mdogo, nyumbani kwa Babu huko Mwika, na kila nifunguapo chupa ya dawa ya kusafisha rangi, ile harufu yake ya mafuta ya taa na chaki hunirudisha kwenye kihamba chetu, lile shamba linalozunguka nyumba, miguu mitupu kwenye majani ya migomba yaliyolowa, nikiwa nimeshika kitambaa ambacho nilitaka kumtibu nacho mtu.

Nililelewa na Babu na Bibi. Baba alikuwa dereva wa watalii, leo yuko mbugani, kesho yuko uwanja wa ndege. Mama alikuwa na duka la vitambaa mjini. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mambo yalivyokuwa: mtoto alipelekwa mlimani akanywe maziwa na afundishwe adabu, wazazi wakaja mwisho wa wiki na mkate wa dukani. Sikujihisi nimeachwa hata siku moja. Nilikuwa na ng'ombe wa kukatia majani, nilikuwa na Bibi wa kunisuka, na nilikuwa na Babu, ambaye hakuenda mahali bila mimi.

Babu alikuwa na Pijo. Alilinunua enzi kahawa ilipokuwa kahawa, na kwa miaka mingi lilikuwa gari la kijiji kizima: lilibeba maharusi, wagonjwa, magunia, na kwaya iliyojibana nyuma ikiimba. Nilipopata akili lilikuwa halitoki tena. Lilikaa chini ya banda la mabati karibu na zizi, na rangi yake, ambayo watu walisema ilikuwa ya bluu, ilikuwa imepauka na kuwa kama ubao wa shule uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Ukipitisha kidole kilitoka na unga. Hata hivyo Babu hakuacha kulihudumia. Alikaa kwenye usukani, akaliwasha, akainamisha kichwa kulisikiliza, kisha akalizima na kusema, "Bado ni zima. Siku Aika anaolewa nitampeleka kanisani mwenyewe."

Aika ni shangazi yangu, kitinda mimba wa Babu, na ahadi hiyo alikuwa amepewa angali mdogo.

Mimi na Babu tulikuwa na mchezo wetu. Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba, na mtu alipotokea kwenye kijia cha migomba Babu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Manka, anayekuja amevaa nini?" Nami nilijibu haraka, "Kitenge cha njano, amebeba kikapu kichwani, anachechemea." Kabla yule mgeni hajafungua mdomo, Babu alipaza sauti, "Karibu Mama Ndeshi! Mguu bado?" Mama Ndeshi alishika kiuno kwa mshangao. "Shikamoo mzee. Jamani, macho yako ni ya kijana!" Nilifurahi sana. Nilijua Babu ananifundisha rangi, na kwamba nilikuwa mwanafunzi hodari.

Bibi naye alikuwa na tabia yake. Alipotembea na Babu yeye alitangulia, na njia nzima alikuwa akizungumza na hewa. "Hili jiwe hapa, nitamwambia nani aliondoe. Loo, mfereji umejaa leo, mpaka mtu aruke." Nilidhani bibi wote huzeeka hivyo, wakaanza kusemezana na mawe.

Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nilimsikia Mama akimenya ndizi za mtori pamoja na Bibi. Walikuwa wakinong'ona, na mtoto akisikia watu wananong'ona husimama hapohapo.

"Ana ukungu macho yote mawili," alisema Bibi. "La kushoto ndilo limezidi."

"Huyo ni mtoto wa jicho, mama," alisema Mama. "Babu ana mtoto wa jicho. Inabidi aende hospitali."

"Nyamaza. Akisikia tumesema hatutalala humu ndani."

Mtoto wa jicho! Nilirudi kwenye benchi, Babu alikuwa amesinzia huku kope zimeachana kidogo, nikamchungulia kwa karibu kabisa. Nilimwona. Katikati ya jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na kitu cheupe kama tone la maziwa kwenye maji. Niliamini bila shaka yoyote kwamba huyo ni mtoto mdogo sana, anaishi mle ndani, na kwa sababu huku kwetu kuna baridi amejifunika blanketi, na blanketi ndilo linaloitwa ukungu. Sikumwogopa. Nilimwonea wivu kidogo, maana mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa Babu, na sikuwahi kuambiwa kuna mwingine.

Kisha Shangazi Aika akachumbiwa, harusi ikapangwa, na akaja kuliandaa gari.

Nataka mumwone kama nilivyomwona mimi. Alikuwa mwembamba, mrefu, ovaroli ya kijani imekunjwa mikono, kilemba kichwani, na kucha zenye rangi za magari ya watu. Alifanya kazi kwenye gereji ya rangi mjini na alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari. Watu wa kwetu walicheka: tangu lini bibi harusi akajisugulia gari lake mwenyewe? Yeye aliwajibu, "Kwani nani mwingine nimwamini?"

Baba alikuwa amekuja pia, na alikuwa na chupa yake mkononi. Alilizunguka Pijo, akapuliza unga kwenye kidole chake.

"Aika, usijisumbue," alisema. "Hii rangi ni ya zamani na ni nyembamba. Ukianza kukwangua utaiibua praima, ile rangi ya chini, tutakuwa na gari lenye mabaka siku ya harusi. Lipige glezi. Sisi ndivyo tunavyofanya na magari ya kampuni mzungu akitaka kupiga picha. Linang'aa, unapiga nta juu, mambo yamekwisha. Harusi ni siku moja."

"Kaka, glezi haishiki kwenye unga," alisema Shangazi. "Ni kumpaka mtu mafuta juu ya ukoga. Atang'aa asubuhi, mchana atanuka."

"Na ukiimaliza rangi?"

"Ndiyo maana nina mikono. Sitaingia kwa pupa."

Baba hakuwa mjinga, na leo ningekuwa nabishana naye ningempa nusu ya haki yake. Pembeni na kwenye mikunjo ya bodi, rangi ya gari la zamani huwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Lakini Shangazi hakuanza na gari zima. Aliliosha, akalikausha kivulini, akabandika utepe wa karatasi kwenye kingo za mlango wa nyuma, ndani yake akaacha nafasi ndogo tu. Akaweka dawa kidogo kwenye kitambaa cheupe na kuanza kuzungusha polepole, bila nguvu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando yake. Kitambaa kilianza kugeuka bluu.

"Shangazi! Linatoka damu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Siyo damu, Manka. Ni rangi iliyokufa, hiyo inatoka. Ngoja uone." Alifuta kwa kitambaa kingine, na pale ndani ya utepe palikuwa na bluu ambayo sikuwahi kuiona kwenye lile gari, bluu ya anga baada ya mvua kubwa. Niliona hata uso wangu.

"Umeona? Rangi haijafa yote," alisema. "Ilikuwa imefunikwa na ukungu. Ukungu ukitoka, kila kitu kipo."

"Ukungu unatoka kwa hiyo dawa?"

"Unatoka wote."

Nadhani mnajua akili yangu ilikokwenda.

Walipoitwa ndani kula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, mimi nilibaki. Nilichukua kitambaa safi, nikainamisha chupa, nikaweka dawa kidogo kama nilivyomwona Shangazi akifanya, nikaondoka na vyote viwili. Sikuwa najificha. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kumpa mwenzake zawadi. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya zizi akinoa panga, kazi aliyoifanya vizuri kwa kusikiliza tu.

"Babu, inua uso," nilimwambia.

"Kuna nini?"

"Inua tu. Ufumbue macho."

Aliinua uso akitabasamu, maana alikuwa hanikatalii kitu. Nilisogeza kitambaa. Kilipokaribia, pua yake iliwahi kuliko jicho. Aliudaka mkono wangu hewani, tena kwa nguvu, panga likaanguka kwenye mawe.

"Hii ni nini, Manka?"

"Ni dawa ya Shangazi. Inatoa ukungu. Nataka kumtoa yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wa jicho. Aliyejifunika. Bibi amesema yuko kwenye macho yote mawili."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelia na mambo yangeishia pale. Alibaki ameshika mkono wangu, uso wake umeelekea kando kidogo ya uso wangu, kama mtu anayezungumza na aliyesimama nyuma yangu. Ndipo kwa mara ya kwanza niligundua kwamba Babu hakuwa akinitazama mimi.

"Wewe unajua kwamba sioni?" aliniuliza taratibu.

"Huoni nini?"

Panga lilikuwa limewashtua waliokuwa ndani. Shangazi alifika wa kwanza, akaona kitambaa, akaona chupa mkononi mwangu, akaninyang'anya vyote viwili na kunivuta mikono kwenye bomba. Alinisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kisha akamrudia baba yake. Bibi na Baba walikuwa wamesimama mlangoni.

"Amekugusa na hii, baba?"

"Hajanigusa."

"Na kwa nini mtoto anataka kukusafisha macho?"

Bibi alianza kuifuta mikono yake kwa khanga, mikono ambayo haikuwa na maji. Shangazi alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, na nadhani hapo akayapata yote kwa pamoja. Alimshika Babu mkono, akamwongoza mpaka kwenye Pijo, akamsimamisha mbele ya mlango wa nyuma.

"Nimesafisha kipande kimoja. Nionyeshe kilipo."

Babu alinyoosha mkono. Vidole vyake vilitembea juu ya bati, vikapita kwenye unga, vikafika kwenye ule ulaini, vikasimama. "Hapa," alisema, na kulikuwa na ushindi kwenye sauti yake.

Shangazi aliushika ule mkono akauondoa polepole. "Kwa jicho, baba. Si kwa mkono."

Nikiwa nimesimama pale na mikono inayodondosha maji, niliona Babu akipungua. Alikaa kwenye bampa. Alisema gari analijua, barabara anaijua, kutoka nyumbani hadi kanisani anajua kila kona, na kwamba Manka angekaa kando yake amwambie. Alisema yote hayo kwa uhakika kabisa, na watu wazima watatu walimsikiliza bila kumkatiza, kwa sababu walikuwa wakiyaona kichwani: zile kona, lile daraja, bibi harusi nyuma, na mimi nikitangaza rangi za magari yanayokuja.

"Kwa nini hukwenda hospitali?" aliuliza Baba mwishowe.

"Mnamkumbuka Mzee Kirita. Mganga alimchokoa jicho akasema anatoa ukungu. Alitoa jicho zima. Mimi kidogo ninachokiona, mwanga na kivuli, nimeona nibaki nacho."

Baba alipangusa uso. Alikuwa anampenda sana baba yake, na watu wanaopenda hivyo mara nyingi hutafuta njia fupi. "Basi tufanye hivi," alisema. "Harusi imekaribia, wageni wameshaalikwa. Mimi nitaendesha. Mzee atakaa mbele, avae miwani myeusi na kofia yake. Manka atamshika mkono. Hakuna atakayejua. Hospitali tutaizungumza baadaye."

Shangazi Aika aliichukua chupa ya Baba, ile ya glezi, iliyokuwa juu ya boneti. Alimrudishia mkononi.

"Gari tunaweza kulipiga glezi, kaka," alisema. "Baba yangu hapigwi glezi."

Babu akacheka, peke yake, kicheko cha ghafla kama mtu aliyekabwa akaachiwa, na Bibi akaanza kulia, na kwa dakika chache kukawa na fujo ya watu wanaozungumza wote kwa pamoja, Kichagga na Kiswahili. Nilichoelewa ni kimoja: keshokutwa tunakwenda mjini, na mimi nakwenda, kwa sababu Babu alisema bila Manka haondoki.

Hospitali nakumbuka sakafu inayoteleza na harufu iliyokuwa kali kuliko ile ya dawa ya gari. Daktari alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Alimwangazia Babu tochi kwenye macho, akamweleza kila kitu bila haraka: hakuna kuchokoa, hakuna kukwangua, lenzi iliyochakaa inatolewa, inawekwa mpya. Angeanza na jicho la kushoto, kisha la kulia baada ya muda. Babu aliuliza maswali mengi kama anayenunua ng'ombe. Shangazi hakumsemea hata mara moja. Alimwacha aulize mpaka akatosheka, halafu Babu mwenyewe akasema, "Haya. Tufanye."

Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa tumekaa kwenye benchi, Bibi, Shangazi na mimi. Nesi alibandua plasta taratibu, akamsafisha pembeni ya jicho kwa pamba, akasema, "Fumbua, mzee." Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jambo langu.

"Mtoto yuko wapi?" nilimuuliza nesi. "Mmempeleka wapi?"

Nesi hakuelewa, lakini Babu alielewa. Aligeuka. Safari hii uso wake haukuelekea kando. Ulikuja moja kwa moja kwangu, ukatua, ukakaa. Alinitazama muda mrefu hata nikaona aibu nikataka kujificha nyuma ya Bibi.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Una mwanya kama wa mama yangu. Na hakuna aliyeniambia."

Nilitabasamu ili auone vizuri. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile, nimemshika mkono kila mahali, na siku ile ndipo tulipoonana.

Kisha akamtazama Bibi, naye Bibi akaiweka sawa khanga yake kama msichana. "Umezeeka," Babu alimwambia.

"Tafuta kioo," alijibu Bibi, "halafu uje uniambie tena."

Nesi alicheka hadi akaketi.

Babu alikatazwa kuinama, kukaa kwenye moshi wa jikoni, na kuendesha gari mpaka jicho la pili litibiwe na daktari amruhusu. Alilipokea hilo vibaya kuliko upasuaji wenyewe. Wakati huohuo Shangazi alimalizia Pijo, na hapo ndipo nilipojifunza kazi inayonilisha leo. Alisafisha milango na paa mpaka bluu yote ikarudi. Alipofika kwenye boneti, ambako jua lilikuwa limechoma zaidi, alizungusha kitambaa mara chache, akasimama, akainama kutazama kwa ubavu. Palikuwa na kivuli cha kijivu kinachoanza kuchungulia.

"Hapa ndipo kaka yangu alipokuwa sahihi," alisema. "Chini ni praima. Hapa hatuendelei kuondoa. Nipe glezi."

Alipaka glezi kwenye boneti kwa wepesi, akaiacha ikae kidogo, akaifuta, kisha akalipiga gari lote nta. Baba alikuwa amesimama kando amekunja mikono, lakini alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na Shangazi alimwona akamrushia kitambaa kichafu kifuani.

Babu aliletwa kuliona. Alilizunguka polepole, mikono nyuma. Alisema alikuwa amesahau kwamba lilikuwa bluu hivi. Alisema kichwani mwake lilikuwa limeshakuwa la kijivu, kama vitu vyote.

Siku ya harusi ikaibuka tatizo la usukani. Baba alikuwa amelala akijua yeye ndiye dereva. Asubuhi Shangazi alitoka ndani na gauni lake jeupe, amelikusanya kwa mkono mmoja, viatu mkono wa pili, akanyoosha kiganja.

"Nipe funguo."

"Aika, wewe ni bibi harusi."

"Ndiyo. Na baba aliahidi tutakwenda kanisani mimi na yeye kwenye gari lake. Yeye haruhusiwi kuendesha. Mimi nina leseni."

"Watu watasema nini?"

"Waache waseme. Wana siku nzima."

Basi hivyo ndivyo tulivyoshuka: bibi harusi kwenye usukani, peku, shela imefungwa fundo nyuma ya shingo. Babu mbele kando yake na suti yake ya kahawia. Mimi na Bibi nyuma, nimepakata maua. Nyuma yetu msururu wa magari ukipiga honi. Watu walitoka kwenye vihamba kushangilia, wakaona anayeendesha, mikono ikabaki hewani, halafu wakashangilia mara mbili.

Tulipofika pale barabara inapokaa wazi, mawingu yalikuwa yameondoka na mlima ulionekana wote. Babu alimgusa Aika begani. "Simama."

Shangazi alisimama, na msururu mzima ukasimama nyuma yetu. Babu alishuka, akashika kofia, akautazama mlima kwa lile jicho lake jipya. Tulidhani anaomba.

"Theluji imepungua hivi?" alisema. "Imepungua hivi, na hakuna aliyeniambia?"

Shangazi aliinamia dirishani. "Hatukuona, baba. Tulikuwa tunaiangalia kila siku."

Babu alitikisa kichwa, akasimama kidogo zaidi, akarudi garini na kufunga mlango mwenyewe. "Twende," alisema. "Tusimsubirishe mchungaji."

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Tarumbeta zilikuwa tayari, wapigaji wamevimbisha mashavu. Bwana harusi, Joeli, kijana mpole mwenye sauti nzito kama ngoma, alikuja mbio mbio na koti lake jipya akafungua mlango wa nyuma kumpokea mkewe. Alinikuta mimi na Bibi. Alitazama ndani, akatazama chini ya kiti, nadhani, kwa namna alivyopotewa. Upande wa pili Shangazi alikuwa ameshashuka, anavaa viatu huku amejishikilia kwenye boneti, na uwanja mzima ulikuwa ukipiga vigelegele.

Babu alizunguka gari akamshika binti yake mkono. Walitembea wenyewe hadi alipo Joeli, na hapo Babu akasimama. Joeli alikuwa amekuja nyumbani mara nyingi, kwa posa, kwa mahari, kwa mazungumzo ya jioni, na Babu alikuwa amempenda kwa maneno yake tu. Sasa alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, akarudi juu tena, taratibu, kama fundi anayekagua kazi. Mpigaji mmoja wa tarumbeta alishusha pumzi na chombo chake kikatoa mlio mdogo wa ajabu.

"Kwa sauti yako," Babu alisema, "nilidhani wewe ni mrefu."

Joeli alijinyoosha. Shangazi alikuwa ameuma mdomo ili asicheke. Babu akauchukua mkono wa binti yake, akauweka juu ya mkono wa yule kijana, akaupigapiga.

"Lakini macho yako ni mazuri," alisema. "Mchukue."

Na tarumbeta zikalia zote kwa pamoja.